Bamba la konveya fupi lishikwe vipi? Njia nne zikilinganishwa

Bamba la kutelezea ni bati ambalo mkanda wa konveya hupita juu yake badala ya kupita juu ya rola. Kwenye konveya fupi, za mita 1 hadi 5 hivi, lina faida zake: hakuna beringi za kukwama, kifurushi kidogo hakirukiruki kikipita, na umeme wa ziada unaoliwa na msuguano bado unavumilika. Kinachosumbua mara nyingi si bamba lenyewe, ni kile kilicho chini yake. Mtu huona bamba limeshuka tumbo, akaenda kununua lililo nene zaidi, kumbe angeongeza vyuma viwili vya kukingama chini yake na kazi ingekwisha.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: bamba bapa juu ya mataruma (vyuma vinavyokingama kutoka ubavu hadi ubavu), bamba nene lenye mataruma machache, bati lililokunjwa mapindo likajishika lenyewe, na reli za plastiki zinazolala kwa urefu wa konveya. Ili ulinganisho uwe wa haki, zote zimepigiwa hesabu kwa konveya moja: urefu mita 3, bamba la chuma cha kawaida lenye upana wa mm 500, mkanda wa mm 450, mzigo wa kilo 50 kwa kila mita, umetandazwa sawasawa. Mataruma ni engo (chuma cha umbo la L) ya mm 40 × 40 × 4, yenye kilo 2.4 kwa mita.

| Njia | Uzito kwa mita moja ya konveya | Kubonyea chini ya mzigo |
|---|---|---|
| Bamba mm 3, taruma kila mm 500 | kilo 14.2 | mm 1.8 kati ya mataruma |
| Bamba mm 3, taruma kila mm 250 | kilo 16.6 | mm 0.1 |
| Bamba mm 6, taruma kila mm 500 | kilo 26 | mm 0.2 |
| Bati mm 3 lenye mapindo ya mm 100 | kilo 16.3 | mm 2.3 kwa urefu wote wa mita 3, na mm 1.8 katikati ya upana |
| Reli 4 za plastiki juu ya engo, taruma kila mita 1 | kilo 12.8 | mm 0.2 |

Uzito huo ni wa bamba na mataruma tu. Njia zote isipokuwa bati la mapindo zinahitaji pia mihimili miwili ya ubavuni. Chaneli (chuma cha umbo la U) ya mm 80 inatosha kwa mfano huu: jozi yake ina kilo 17 kwa mita, na ikishikwa ncha zote mbili tu inabonyea kama mm 2 kwa mita 3. Halafu, kubonyea kwa mabamba bapa kumekokotolewa kana kwamba kila kipande kimelala juu ya mataruma mawili peke yake. Bamba moja refu linalopita juu ya mataruma mengi hubonyea nusu ya hapo, au chini zaidi.

Tazama safu mlalo tatu za kwanza. Nafasi kati ya mataruma ikikatwa nusu, kubonyea kunapungua mara 16. Unene wa bamba ukiongezwa maradufu, kunapungua mara 8 tu. Na bei yake kwa uzito: mataruma mawili ya ziada kwa kila mita ni kilo 2.4, ilhali kutoka mm 3 kwenda mm 6 ni karibu kilo 12. Kwa konveya nzima ya mita 3 hiyo ni kilo 7 dhidi ya kilo 35. Kwa hiyo anza na nafasi ya mataruma. Unene uje baadaye, kwa sababu nyingine ambazo tutazifikia.

Bamba bapa juu ya mataruma

Hii ndiyo njia ya kuchagua kama huna sababu maalumu ya kuiacha. Inatengenezwa na karakana yoyote yenye mashine ya kuchomelea na grenda, bamba likiisha linabadilishwa bila kugusa fremu, na mahali penye mzigo mzito unasogeza mataruma yakaribiane.

Nafasi ya mm 400 hadi 500 inafaa kwa katoni na magunia yanayolala bapa, unene ukiwa mm 3. Lakini hesabu ya mzigo uliotandazwa haisemi yote. Kuna siku mtu atapanda juu ya konveya kubadilisha taa au kuzibua kitu. Kilo 100 zikisimama katikati ya nafasi ya mm 500, hata tukichukulia kwamba upana wote wa bamba unasaidia kubeba, bamba la mm 3 linashuka zaidi ya mm 11. Kwa kweli unyayo hauwezi kuushirikisha upana wote, hivyo chuma chini ya mguu kinapita kikomo chake na shimo linabaki. Nafasi ikiwa mm 250, kushuka ni mm 1.4 na bamba linarudi lilivyokuwa. Kama konveya iko mahali ambapo watu watajaribiwa kuikanyaga, na ni wachache wasiojaribiwa, chukua mm 250 hadi 300.

Mahali mzigo unapoangukia panataka hesabu yake. Kitu cha kilo 10 kikidondoka kutoka mm 300 kinafika na nguvu ya kutosha kuacha alama kwenye bamba lisiloshikwa chini. Weka mataruma kila mm 150 hadi 200 kwenye eneo hilo, likiwa refu kidogo kuliko mlango wa mzigo kwa pande zote mbili. Kama kinachoanguka ni jiwe au chuma chenye kingo kali, bamba la aina yoyote halifai hapo: mkanda unabanwa kati ya jiwe na chuma, unakatika. Eneo hilo lipewe mipira ya kupokea kishindo, bamba lianzie mbele yake.

Usawa wa mataruma ndio kazi yenyewe. Taruma moja likiinuka mm 1 kuliko wenzake, linabeba mkanda peke yake, na baada ya wiki chache utaona mstari unaong'aa umekatiza bamba hapo hapo, na upande wa chini wa mkanda umeanza kuchakaa. Likiwa chini, bamba linaelea juu yake na kugongagonga kila mzigo unapopita. Vuta uzi kutoka taruma la kwanza hadi la mwisho, pande zote mbili na katikati, urekebishe kwa vipande vya bati jembamba hadi tofauti isizidi mm 0.5. Kisha pima mishazari ya fremu, kona kwa kona. Ikipishana zaidi ya mm 2, fremu imekaa kombo, na mkanda utakimbilia upande mmoja hata ukirekebisha puli (ngoma za nchani zinazozungukwa na mkanda) mchana kutwa.

Bamba nene, mataruma machache

Watu hulipenda kwa sababu linaonekana imara na halina kazi nyingi. Kwa kubonyea, jedwali limeshasema. Linachofaa ni pale bamba linapoliwa: mchanga, klinka, chumvi ya mawe, vitu vinavyopenyeza chenga chini ya mkanda na kulikwangua bamba lenyewe. Hapo mm 5 au 6 ni akiba ya kuliwa, wala si ya ugumu, na mataruma yabaki karibu vilevile, maana bamba likishaliwa hadi mm 3 litakuwa bamba la mm 3. Kumbuka pia kwamba bamba la mm 6 la upana huu lina kilo 23.6 kwa mita. Kipande cha mita 3 ni kilo 70, kazi ya watu watatu kulitoa kwenye nafasi finyu. Likate vipande vya mita 1 hadi 1.5.

Bati la mapindo linalojishika lenyewe

Hapa bati linakunjwa kingo zote mbili kuelekea chini, na mapindo hayo yanageuka kuwa mhimili. Hakuna chaneli za ubavuni, hakuna mataruma. Miguu inafungwa moja kwa moja kwenye mapindo. Kwa konveya ya mita 2 hivi, safi na nyepesi, ni vigumu kuishinda kwa bei.

Kimo cha pindo ndicho kinachoamua. Mapindo ya mm 60 kwenye bati la mm 3 yanabonyea mm 1.9 kwa urefu wa mita 2, jambo zuri tu, lakini kwa mita 3 yanafika karibu mm 10. Ndiyo maana kwenye jedwali tumeweka mm 100. Zaidi ya mita 3, mapindo yanakuwa marefu hadi yanaingilia njia ya mkanda unaorudi na vifaa vyake, na hapo faida ya njia hii inaisha.

Wengi huangalia urefu tu, wakasahau upana. Bati lililokunjwa ni gumu kwa urefu, ila kutoka pindo hadi pindo ni karatasi tupu ya mm 500, nayo inashuka tumbo la mm 1.8 kama bamba lolote lenye nafasi hiyo. Mkanda mwembamba unaweza kulifuata tumbo hilo. Ule mgumu hubaki umening'inia, kingo zake zikisugua kwenye mabega ya bati na kuchakaa mapema. Dawa ni kuchomelea kiimarishaji kimoja cha bati lililokunjwa umbo la U chini ya mstari wa katikati, kwa urefu wote, kisha vipande viwili au vitatu vya kukingama vinavyokishika kwenye mapindo. Ukishafanya hivyo umerudi nusu ya njia kuelekea kwenye mataruma, kwa hiyo bati lenye upana unaozidi mm 500 halina sababu ya kutengenezwa hivi.

Kasoro mbili ndogo: bati tupu lina mwangwi, vitu vigumu vikilipiga linalia kama debe, na likishaharibika, umeharibikiwa fremu nzima.

Faida moja ambayo haisemwi vya kutosha ni ubadilishaji wa mkanda. Konveya fupi mara nyingi huvaa mkanda uliounganishwa kiwandani, usio na klipu. Mkanda wa namna hiyo lazima uingie kutoka ubavuni. Kwa kuwa bati la mapindo ni kipande kimoja kilicho ndani ya duara la mkanda, linaweza kushikwa upande mmoja tu, na upande wa pili ukaachwa wazi. Mataruma nayo yanaweza kufanyiwa hivyo, lakini lazima upange tangu mwanzo, na upande unaoshikwa uwe na nguvu ya kubeba peke yake. Miguu ikishachomelewa pande zote mbili, kilichobaki ni kukata mkanda na kuuunga papo hapo.

Reli za plastiki

Plastiki inayotumika ni polithini nzito ya molekuli ndefu, ile nyeupe au ya kijani inayoteleza kama sabuni. Inapunguza msuguano. Mkanda wenye kitambaa kitupu upande wa chini una namba ya msuguano ya kama 0.3 juu ya chuma, na kama 0.2 juu ya plastiki hii. Kwa mfano wetu, uzito wa mzigo na mkanda ni kilo 52 kwa mita, jumla kilo 156, hivyo nguvu ya kuvuta ni niutoni 460 juu ya chuma dhidi ya 306. Kwa mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde hiyo ni wati 230 dhidi ya 153. Kwa konveya fupi tofauti hiyo haibadilishi mota, basi usinunue plastiki kwa ajili ya umeme. Inunue kwa sababu ya maji.

Bamba lililolowa hunatana na mkanda kama vioo viwili vyenye maji katikati, na mota inayotosha siku kavu hukwama asubuhi baada ya kuosha. Reli zikiwa na nafasi katikati, maji na chenga vinaanguka, na unaweza kuosha kutokea chini.

Kosa la kawaida ni kuiachia plastiki ibebe. Haina ugumu huo. Reli ya mm 50 × 10, zikiwa nne, hubonyea mm 2 hata nafasi ya mataruma ikiwa mm 250. Weka chini ya kila reli engo ya mm 40 kwa urefu wote, na taruma moja kwa mita linatosha. Kubonyea kunabaki mm 0.2. Matokeo yake, kama jedwali linavyoonyesha, ni njia nyepesi kuliko zote zenye mihimili ya ubavuni.

Plastiki hii pia inatanuka sana kwa joto. Kwa mabadiliko ya nyuzi 30, reli ya mita 3 inaweza kurefuka hadi mm 18, wakati chuma cha urefu huo kinarefuka mm 1 tu. Reli iliyofungwa bolti ncha zote mbili itainuka mgongo kama nyoka. Ifunge upande wa mkiani tu, mzigo unakoingilia, na matundu mengine yote yawe marefu. Kwa nini mkiani? Kwa sababu mkanda unaiburuta reli kuelekea puli ya kichwa, ile ya ncha mzigo unakotokea. Ikishikwa nyuma, inanyooshwa. Ikishikwa mbele, inasukumwa na kujikunja.

Reli zikilala sambamba na mkanda, uzito wote unapita kwenye mistari ile ile, na upande wa chini wa mkanda unachakaa kwa michirizi. Kuzipanga kwa umbo la V kunaeneza uchakavu huo upana wote, ila engo za chini zinakuwa kazi ndefu zaidi. Kwa nafaka na vitu vidogo vya kumwagwa, reli hazifai hata kidogo: mkanda hushuka kati yake na kufanya mifereji. Na plastiki haipitishi umeme. Penye vumbi linaloweza kulipuka itafute ile inayopitisha, na mkanda uwe wa aina hiyo pia.

(Kuna njia ya tano ambayo wahandisi wengi huidharau: plaiwudi. Ile ya mm 18 ni ngumu mara saba au zaidi kuliko bamba la chuma la mm 3, kwa nusu ya uzito wake. Ndani ya jengo kavu, kwa vifurushi na katoni, ikiwa imebandikwa uso laini, inafanya kazi vizuri na haina kelele. Maji yakiigusa, imekwisha.)

Kulifunga bamba

Bolti ya M6 ya kichwa cha kuzama ina kichwa chenye kimo cha mm 3.3. Haiwezi kuzama ndani ya bamba la mm 3, hata ukitoboa vizuri kiasi gani. Kitabaki kinundu kinachokwangua mkanda kila mzunguko. Kwa bamba la mm 5 kwenda juu inakubali, kichwa kikikaa mm 1 chini ya uso. Kwa mm 3 kuna njia mbili. Ya kwanza, bolti zikae kwenye ukingo usiopitiwa na mkanda: bamba la mm 500 na mkanda wa mm 450 vinakuachia mm 25 kila upande. Katikati ya kila taruma weka utepe wa mpira mwembamba au gundi ya polyurethane, bamba lisigonge. Ya pili, chomelea kutokea chini, vipande vya mm 20 hadi 25 kila mm 150, kwa kupishanisha pande za taruma. Usichomelee mfululizo, bamba jembamba hujikunja kama ganda la chungwa juani.

Bamba la chuma nalo linaburutwa. Niutoni 460 si nyingi, lakini hazipumziki, na matundu yakiwa marefu yote bamba litatembea kidogo kidogo hadi liguse puli ya kichwa. Matundu ya duara yawe mkiani, marefu kwingine kote.

Kwenye maungio, kila ungio likae juu ya taruma, nafasi iwe mm 2 hadi 3, na bamba la mbele (la upande wa puli ya kichwa) kamwe lisiwe juu kuliko la nyuma. Ukingo unaoupokea mkanda uviringwe kwa grenda, au ukunjwe chini kama mm 20. Konveya inayokwenda pande zote mbili ifanyiwe hivyo kwenye kingo zote. Taruma la mwisho lisiwe mbali zaidi ya mm 75 kutoka ncha ya bamba, na uso wa puli uwe mm 1 hadi 2 juu ya bamba. Bamba likizidi puli kwa kimo, ncha yake inageuka kisu. Pengo kati ya bamba na puli ya kichwa ndipo vidole hunaswa, kwa hiyo lizibwe kutoka ubavuni.

Usipake rangi uso wa kutelezea. Rangi hulainika kwa joto la msuguano, hunatia mkanda, na wiki ya kwanza mota hulalamika bila sababu inayoonekana. Chuma kilichofinywa kikiwa baridi ni laini tangu mwanzo. Kile chenye magamba meusi kisuguliwe kwanza. Na mkanda uwe na kitambaa kitupu chini: ule wenye mpira pande zote mbili una namba ya msuguano inayoweza kuzidi 0.5, na hakuna taruma litakaloirekebisha hiyo.

Baada ya saa 50 hivi za kazi, fungua mkanda upande mmoja na uchungulie chini yake kwa tochi. Ukiona weusi uliosambaa sawasawa, mataruma yako yamekaa vizuri. Ukiona mistari inayokatiza bamba, hesabu umbali kutoka mkiani, utalikuta taruma lililoinuka hapo hapo.